Kiti cha Maswali

Kanisani kwetu Louisville tulimwita Spika, na kuna watoto waliokulia pale ambao hadi leo hawajui jina lake jingine. Hakuwahi kuwa spika wa popote. Kabla ya kuja Marekani kusoma alikuwa karani bungeni Nairobi, mmoja wa wale wanaokaa pembeni ya kamati inayowaita wakubwa na kuwauliza fedha za umma zimekwenda wapi. Kazi yake ilikuwa kupanga maswali, kuwapokea mashahidi na kuwajazia maji. Alituambia kuwa kule kujaza maji ndiko kulikomfundisha mengi, kwa sababu anayeficha jambo hunywa sana. Tulicheka, kisha Jumapili iliyofuata kila mtu akawa anaitazama glasi ya Mchungaji.

Sisi wengine tulikuwa Wakongo wa Kivu, watu wa Uvira, Fizi na Bukavu tuliopitia makambini kabla ya kuletwa huku. Tulifanya kazi kwenye maghala, kwenye viwanda, na kwenye nyumba za kutunza wazee. Yeye alikuwa na kazi ya ofisini chuoni na nyumba yake mtaa wa Highview, na angeweza kabisa kwenda kwa Wakenya wenzake. Alisema kule wanaimba huku wanatazama saa. Ukweli ni kwamba mke wake alikuwa ameipenda kwaya yetu, na Spika alikuwa mtu wa kwenda anakokwenda mke wake.

Alikuwa hawezi kukaa mtu mwingine akiwa amesimama. Ukiingia chumbani, hata ukiwa mtoto umetumwa chumvi, alisimama na kufunga kifungo cha koti. Koti lenyewe lilikuwa moja, la kijivu, nalo alilipiga brashi kila akiingia kanisani, pale pale mlangoni, mpaka watu nyuma yake wakapanga foleni. Kina mama wote aliwaita Waheshimiwa. Mama yangu, ambaye wiki nzima alikuwa akisafisha vyumba vya wazee wa watu wengine, alikuwa akivaa vizuri zaidi siku za vikao vya kanisa kwa ajili ya neno hilo moja. Nilimpenda Spika kwa hilo kabla sijampenda kwa lolote lingine.

Na alitutania. Alisema sisi tumeua ngeli za Kiswahili na hata kuzizika hatukuzizika. Mama alimjibu kuwa wao wa Nairobi wamekiua chote, wakakizika kwa Kiingereza. Baada ya miaka michache akawa mwenyewe hawezi kuanza hoja bila kusema "bon", kile Kifaransa chetu, na mke wake akimsikia alicheka hadi akashika kiti cha mbele. Mama Spika alikuwa na kicheko kikubwa kisichofichika, cha mwanamke aliyeongoza sauti ya kwanza maisha yake yote, na kwenye kwaya yetu pia aliiongoza, Mama yangu akimfuata kwa sauti ya pili. Ukichelewa ibada ungekisikia ukiwa bado unatafuta pa kuegesha gari.

Jambo alilotuachia Spika ni kile kiti. Kwetu mtu hasimami mbele za watu na kumuuliza mchungaji wake mambo ya sadaka. Ni kama kumvua baba yako shati sokoni. Kwa hiyo maswali yalibaki jikoni na kwenye maegesho, yakanong'onwa, na yakinong'onwa yalikua. Siku moja Spika alimuuliza Mama kwa nini hasemi ndani ya kikao yale anayoyasema garini. Mama alimshangaa.

"Papa, pastor ni baba," akamwambia. "Baba unamuulizaka pesa ameweka wapi?"

Hakubishana naye. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda chumba cha watoto akaleta kiti cha plastiki cha buluu, akakiweka mbele, katikati ya watu na madhabahu. Bungeni, akatueleza, mbunge hamuulizi waziri uso kwa uso; anamuuliza anayeongoza kikao, naye waziri anamjibu huyo huyo, ili wasije wakashikana mashati. Hapa kwetu hakuna anayethubutu kuongoza kikao juu ya Mchungaji, basi kiongozi atakuwa kiti kitupu. Utakitazama kiti, utasema "kupitia kwa kiti", utakiuliza kiti. Mchungaji naye atakitazama kiti na kukijibu. Kiti hakina shemeji, akasema, wala hakikuzaliwa Uvira wala Bukavu.

Mwanzoni tuliona ni mchezo. Kisha mama mmoja anayeuza vitenge alisimama, akakikazia kiti macho, akakiuliza kwa nini kiyoyozi hakifanyi kazi na tumeshakichangia mara mbili. Mchungaji, mtu mpole na mwoga kidogo, Mungu anisamehe, aliinuka akakijibu kiti kuwa fundi alikula fedha na yeye aliona haya kusema. Hakuna aliyevuliwa shati. Tangu siku hiyo maswali yalihama jikoni, na mimi niliyekulia katika nyumba za minong'ono nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Kila jibu likiisha, Spika alisema, "Jibu limepokelewa." Alilisema hata kwa majibu ya hovyo, na watu walimlalamikia. Alituambia kupokea si kuamini. Likishapokelewa, mwenyewe hawezi tena kulichukua kwenda kulibadilisha nyumbani. Alitoa pia nafasi ya swali la nyongeza, lile la pili analopewa mwulizaji asiporidhika. Kila mtu alikuwa na haki nalo isipokuwa yeye mwenyewe. Hakuwahi kuliomba. Alisema akianza hataacha.

Msidhani alikuwa malaika. Akiwa nyuma ya usukani, utaratibu wote uliisha. Aliwapeleka kina mama wa mtaa wa Newburg hospitali kwa hiari yake, na kina mama hao walishuka wakiwa wamesali zaidi ya Jumapili. Aliwagombeza madereva wengine kwa Kiingereza, madirisha yakiwa yamefungwa, na kila taa ya njano aliichukulia kama tusi.

Na yeye aliyeuliza watu wote hakupenda kuulizwa. Nilipomwuliza mara moja kwa nini hakumaliza shahada iliyomleta huku, alifunga kifungo cha koti akaniambia swali hilo halikuwasilishwa mapema. Mke wake alisema hata nyumbani, akitaka kujua chumvi iko wapi, anapitia kwa kiti. Tulicheka sana. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa anatuambia jambo la kweli juu ya ndoa yao, kwamba mzee yule alikuwa hawezi kukutazama machoni akiwa na jambo linalomuuma. Mama Spika alipoanza kufunga kitambaa kichwani kila Jumapili, hatukujua ni dawa za saratani zilizokuwa zimemnyonyoa nywele. Yeye hakusema, mumewe hakusema, na sisi tulidhani ni mtindo.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limeungana na makanisa mawili ndugu, moja la Columbus na moja la Buffalo, tukawa jimbo moja. Tulikuwa na baraza moja, mfuko mmoja wa mazishi ili mtu wetu yeyote asizikwe kwa aibu, na protokoli moja. Protokoli kwetu ni wale vijana wa suti nyeusi wanaosimama mlangoni. Walianza vizuri, kwa sababu nchi hii watu huingia makanisani na bunduki, na sote tulitaka mtu wa kuangalia mlango. Kisha wakapata redio za masikioni. Kisha wakapata mkuu wao, aliyekaa Columbus na kuzunguka miji yote mitatu kwa gari kubwa jeusi. Ikafika mahali wao ndio wanaoamua nani amwone Mchungaji na nani asimwone, na siku moja walimsimamisha Mama mlangoni wakafunua sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kuipekua. Mama aliwaambia waonje kabisa, wasije wakasema kuna bomu.

Kicheko kiliisha siku ya mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha kuku. Alikuwa amefiwa na ndugu yake, akaomba msaada wa mfuko wa mazishi, akaambiwa mfuko umekauka. Alikuwa ameuchangia tangu unaanza. Akasimama katikati ya ibada, si siku ya kikao, akauliza umekaukaje. Vijana wawili wa protokoli walimshika makwapani wakambeba nje, wakamwacha kwenye maegesho na kiatu kimoja. Kile kingine kilibaki kati ya viti vyetu. Spika alikiokota, akakifuta kwa leso yake, akatoka nacho. Aliporudi hakukaa tena hadi mwisho wa ibada.

Alisubiri siku ya kikao, kama alivyotufundisha kusubiri. Na siku hiyo mkuu wa protokoli alikuja mwenyewe kutoka Columbus. Alichelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ukutani, na mbele pale, katikati, akaona kiti kitupu. Akaenda akakaa.

Alikuwa mgeni, na kwetu mgeni akishakaa haambiwi inuka. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mama alinibana mkono. Nilimtazama Spika, nikaona anafikiri. Yeye, mtu wa kuwapisha watu viti maisha yake yote, angemwambiaje mtu aondoke kwenye kiti? Angeweza kuahirisha. Angeweza kuleta kiti kingine. Alifunga kifungo cha koti, akakazia macho pale alipokazia siku zote, akauliza kwa sauti ile ile ya siku zote: kupitia kwa kiti, protokoli ya jimbo inawajibika kwa nani, na inalipwa kutoka mfuko gani?

Sisi tulijua anaongea na kiti. Mgeni aliona mwanamume amesimama mbele ya kanisa zima, amemkodolea macho, anamshtaki. Alitabasamu. Kisha akaomba maji. Akaletewa glasi, akainywa yote, akaletewa ya pili, akainywa. Ukumbi mzima ulikuwa unaitazama glasi ile, hakuna aliyekohoa, na katikati ya kimya hicho Mama Spika akacheka. Hakukusudia. Kilimtoka, kile kicheko chake kikubwa, na kwa kuwa kilikuwa kizuri kikatushika na sisi, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nadhani swali lingesamehewa. Kicheko hakikusamehewa.

Jumapili iliyofuata ilitangazwa madhabahuni kwamba Spika na nyumba yake wamewekwa chini ya nidhamu. Wasishiriki Meza ya Bwana, na mshirika yeyote asile nao wala asiwatembelee mpaka waombe msamaha. Mchungaji alilisoma tangazo haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Spika alijibu kwamba kwa habari ya kiti yuko tayari kuomba msamaha hata kwa magoti, maana mgeni aliaibishwa na hakustahili, lakini kwa habari ya swali hana cha kuomba. Jimbo lilitaka yote mawili. Akabaki nje.

Mke wake alikufa kabla majira ya baridi hayajaisha. Alikuwa ameacha ombi moja tu, aimbiwe na kwaya yake. Spika, ambaye hakuwahi kuomba kitu, alimpigia Mama simu na kumsihi alifikishe ombi hilo kwa Mchungaji. Mchungaji alisema lazima aulize jimbo. Jimbo likasema hilo ni suala la nidhamu, liulizwe protokoli. Siku ya mazishi bado jibu lilikuwa njiani.

Mimi nilikwenda. Tulikuwa wachache kuliko viti walivyopanga watu wa makaburi: binti yake na mkwe wake waliotoka Buffalo, majirani wa Highview, Wakenya kadhaa, na mzee wa kiwanda cha kuku akiwa na viatu vyote viwili. Wale Wakenya walianzisha wimbo, lakini hakuna aliyejua kuubeba, ukafa katika ubeti wa pili. Spika alisimama muda wote, kwa sababu na sisi tulikuwa tumesimama. Alikuwa anatazama barabarani. Kila gari lililopunguza mwendo aliligeukia, na kila lilipopita nilitamani ardhi inimeze. Sijawahi kuwaonea watu wangu aibu kama siku ile.

Aliuza nyumba ya Highview akahamia Buffalo kwa binti yake. Kiti cha buluu kilirudi chumba cha watoto.

Ilichukua miaka. Mwishowe wazee wa Columbus wenyewe, waliokuwa wakimlisha mkuu yule, walimuuliza swali lile lile, na safari hii baraza la jimbo halikunyamaza. Mfuko wa mazishi ndio uliokuwa umenunua redio, suti na lile gari jeusi. Mkuu aliondoka akaenda kufungua kanisa lake mwenyewe, protokoli ikavunjwa, na mlangoni kwetu sasa wanasimama kina mama kwa zamu. Baraza likaamua nidhamu ya Spika iondolewe. Mwaka huu mkutano wa jimbo ulifanyika Buffalo, na Mchungaji, ambaye naye amezeeka, akaniomba nimpeleke kwake, maana mimi nilikuwa nimeendelea kusalimiana na binti yake.

Theluji ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Spika alikuwa amekaa karibu na dirisha, na alipotuona alianza kuinuka. Ilimchukua muda mrefu, ameshika meza, na binti alipotaka kumsaidia alimkataza kwa kichwa. Alikuwa amepungua sana. Vidole vyake vilitafuta kifungo cha koti, na alikuwa amevaa sweta. Aliniita Mheshimiwa, akaulizia hali ya Mama, akaagiza chai.

Mchungaji alivua kofia. Akasema baraza limekaa, swali la Papa limeonekana lilikuwa la haki, nidhamu imeondolewa bila masharti, na Jumapili wanamkaribisha Mezani pamoja nao. Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi garini njia nzima kutoka Louisville, na aliyasema vizuri.

Spika alimshukuru kwa kuja na baridi ile yote. Kisha akageuka akaitazama theluji, mpaka binti yake akaingilia.

"Pasta, baba amechoka," akasema. "Maybe tomorrow is better."

Spika aliinua mkono kumzuia. Alikwenda polepole hadi kwenye meza ya chakula, akavuta kiti kimoja kwa mikono miwili, kikikwaruza sakafu, akakileta hadi katikati yetu. Akasimama nyuma ya kile chake cha dirishani, ameshika mgongo wa kiti hicho, na macho akayaweka kwenye kiti kitupu.

"Kupitia kwa kiti," akasema. "Siku niliyomzika mke wangu, kanisa lilikuwa wapi?"

Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya kikao, ile ile ya siku zote. Mchungaji alinitazama, akamtazama binti, akatazama chini. Chai yake ilikuwa mbele yake na hakuigusa. Nilidhani atasema jimbo, atasema baraza, atasema protokoli. Aligeuka akakielekea kiti.

"Tulikuwaka kwa manyumba yetu," akasema. "Hakuna mutu alitufunga. Tulikuwaka tu na woga."

Tulisubiri Spika aseme jibu limepokelewa. Nilimwona akilitafuta neno, midomo ikicheza. Theluji ilikuwa inaanguka nje ya dirisha nyuma yake.

"Naomba swali la nyongeza," akasema. "Kuna aliyeimba?"

Mchungaji aligeuka kunitazama. Yeye hakujua. Mimi nilikuwa najua, na miaka yote hiyo sikuwa nimefikiri kuwa ni jambo la kumwambia mtu. Nikasimama, kwa mazoea, nikakitazama kiti kama alivyotufundisha. Nikakiambia kwamba siku ile nilipotoka makaburini nilimkuta Mama jikoni, amefunga mlango, amefungua bomba la maji ili majirani washirika wasimsikie. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya. Alikuwa amekivaa tangu asubuhi akisubiri simu ya ruhusa ambayo haikuja. Alikuwa anaimba nyimbo za mazishi zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wake.

"Aliimba sauti yake ya pili tu," nikasema. "Ya kwanza aliiacha wazi. Kila ilipofika zamu ya Mama Spika, alinyamaza akamngoja, halafu akaendelea."

Mchungaji alikuwa amesimama, binti alikuwa amesimama na birika mkononi, mimi nilikuwa nimesimama. Spika aliachia mgongo wa kile alichokuwa ameshika, akatembea hadi kwenye kiti cha maswali, na sisi sote tukiwa bado tumesimama, akakaa.